Safari ya Tallinn: anza na siku za kulala, si na tiketi

Mteja anayetaka kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kwa kawaida hufika katika ofisi yetu ndogo ya safari akiwa ameshakata tiketi ya ndege ya Helsinki, mji mkuu wa Ufini, ameshalipia hoteli ya huko kwa siku tano, kisha anatuambia kwamba Tallinn ataipitia siku moja tu, aende asubuhi na kurudi jioni. Hatumlaumu, maana kati ya miji hiyo miwili kuna takriban kilomita 80 za bahari na meli ya abiria huvuka kwa kama saa mbili. Lakini tukimuuliza hasa anachokifuata, hujibu kuwa ni ule mji wa kale wenye kuta na minara aliouona kwenye picha, na mji huo hauko Helsinki.

Ndiyo maana siku hizi hatuanzi kwa kuuliza tarehe wala bajeti. Tunauliza: utalala siku ngapi, na wapi? Jibu hilo ndilo linaloamua ombi la viza lipelekwe wapi. Estonia na Ufini zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inatosha. Hata hivyo, kanuni inataka ombi lipelekwe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Mama mmoja na binti yake walituletea faili lililopangwa vizuri kabisa, lenye ratiba ya siku nne Tallinn na siku mbili Helsinki, ilhali fomu walikuwa wameielekeza Ufini kwa sababu tu ndege yao ilikuwa inatua Helsinki. Ilibidi tuanze upya, na miadi yao ikasogea kwa wiki tatu.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisicheleweshwe hadi chini ya siku 15. Sisi tunashauri miezi miwili au mitatu, kwa sababu uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka Schengen. Kuhusu taarifa ya benki, mshahara mdogo unaoingia kila mwezi huaminika kuliko mamilioni yaliyoingia juzi.

Je, Tallinn inastahili kulala siku tatu? Kwa maoni yetu, ndiyo. Mji huu, ambao Wajerumani waliuita Reval, ulitekwa na mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark mwaka 1219, ukajiunga na umoja wa miji ya biashara wa Hansa mwaka 1285, na ukatajirika kwa kupitisha chumvi, nta na ngozi za manyoya kati ya Ulaya Magharibi na Urusi. Sehemu kubwa ya ukuta wake bado imesimama, ukumbi wa mji ulikamilika mwaka 1404, na upande wa pili wa uwanja ulio mbele yake lipo duka la dawa linalotajwa tangu mwaka 1422 ambalo hadi leo linauza dawa.

Mahali ambapo wateja wetu hukaa muda mrefu kuliko walivyopanga ni mtaa wa Pikk, mbele ya nyumba ya udugu wa Vichwa Vyeusi. Juu ya mlango wake wa mbao uliopakwa rangi kuna kichwa cha mtu mweusi kilichochongwa. Huyo ni Mtakatifu Maurice, askari wa Misri ya Juu kwa mujibu wa mapokeo ya Kanisa, ambaye wanaudugu hao, wafanyabiashara vijana wasiooa wa mji huu, walimchagua kuwa msimamizi wao. Mgeni kutoka Afrika anayepita hapo mbio mbio akiwahi meli ya jioni hukosa nafasi ya kulitazama jambo hilo kwa utulivu.

Msimu nao tuuzungumze wazi. Mwishoni mwa Juni jua huzama likikaribia saa tano usiku na kuchomoza tena kama saa kumi alfajiri, jambo ambalo Mwislamu anayepanga swala zake anapaswa kulijua mapema. Desemba, soko la Krismasi hupendeza sana kwenye uwanja wa ukumbi wa mji, lakini jua huchomoza kama saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Mtu wa mara ya kwanza tunampeleka Mei au Septemba.

Hoteli ndani ya ukuta ni nzuri, ila barabara zimetandazwa mawe ya mviringo, na sanduku la magurudumu huruka na kugonga hadi gurudumu ling'oke. Beba begi la mgongoni, au lala nje kidogo ya ukuta. Anayevuka kutoka Helsinki asome pia jina la bandari kwenye tiketi yake, kwa kuwa meli za Tallinn hazitoki zote mahali pamoja: nyingine hutoka Länsisatama, nyingine Katajanokka, na ukikosea huwezi kukimbia kwa miguu ukawahi.

Ukija ofisini, njoo na pasipoti, taarifa ya benki ya miezi mitatu na idadi ya siku unazotaka kulala katika kila mji. Sisi tutaandaa ratiba, bima na miadi, na nafasi ya ndege tutaishikilia bila kuilipia hadi viza itoke.