Kutoka Entebbe hadi Karenga

Karenga, Karamoja, Uganda

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto, na umfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima. Mvua zinapungua na watu wameanza kuvuna mtama.

Umeniuliza ukishatua Entebbe utakuwa umebakiza safari ya muda gani. Kwa ndege ndogo ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Angani, kutoka Entebbe mpaka Hifadhi ya Kidepo, iliyo hapa kwetu Karenga, ni kilomita zipatazo 430 tu. Lakini ikiwa kuna abiria wa kushushwa hifadhi nyingine, mtazunguka kwanza. Huku ndege inatua kwenye kiwanja cha vumbi ndani ya hifadhi, ambacho hakina taa, kwa hiyo safari ni za mchana; ndege yako ya Dar ikifika jioni utalala Entebbe. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, tena katika begi laini, si sanduku.

Kwa barabara ni hesabu nyingine kabisa. Ukipita Luweero, ukavuka Nile pale Karuma, ukaenda Gulu na Kitgum, ni kama kilomita 570 kutoka Kampala. Hadi Kitgum ni lami. Baada ya hapo ni vumbi. Njia ya Soroti, Moroto, Kotido na Kaabong inapita kilomita 700. Mwenye gari imara akiondoka alfajiri anaweza kufika siku hiyohiyo. Wa basi ajiandae kulala Kitgum. Na hayo ni ya kiangazi. Mito yetu ya mchanga hukaa mikavu miezi mingi, kisha mvua ikinyesha milimani maji yanashuka kwa ghafla na magari yanasimama ng'ambo zote mbili, yakisubiri.

Hata hivyo nakuomba, Rehema, uje kwa barabara, halafu urudi kwa ndege ukitaka. Nauli ya ndege ni ya watalii; majirani zangu hawaiwezi. Mgonjwa wa hapa akitakiwa kupelekwa Mulago, hospitali kuu ya Kampala, njia yake ni hiyohiyo ya Kitgum, na kila shimo analisikia mwilini. Watu wa kabila dogo la Waik wanaoishi juu ya mlima Morungole wana kazi zaidi: kwao safari ya Kampala huanza kwa miguu, kuteremka mlima mpaka barabarani, na mjamzito au mzee naye hivyohivyo. Nikisikia mtu akisema Kidepo ni mwendo wa saa mbili, moyo unaniuma, kwa sababu hao hawamo katika hesabu yake. Nataka wewe uione njia wanayopita.

Njoo Desemba au Januari. Kiangazi wanyama hukusanyika bonde la Narus, ndani ya hifadhi, kufuata maji, na utaona makundi ya nyati ambayo hujapata kuyaona. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Niandikie tarehe mapema, maana mwenye gari wa Kitgum lazima aambiwe kabla hajachukuliwa na wengine. Nitakuja kukupokea hukohuko Kitgum, tupande pamoja.

Rafiki yako,
Nakiru