Kabla ya jeni 21, tuanze na ndoo ya formalini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya afya kuhusu vipimo vya jeni vinavyobashiri kama saratani ya matiti itarudi. Kile cha jeni 21 humpa mgonjwa alama kati ya 0 na 100, na utafiti wa mwaka 2018, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa wengi wenye saratani inayolishwa na homoni, ambayo haijafika kwenye tezi za kwapani, hawana haja ya dripu za kemo. Habari njema hiyo, ila bei yake ni maelfu ya dola. Sisi wengine tumekwama nyuma zaidi, kwenye ndoo.

Nilikatwa titi la kushoto miaka minne iliyopita. Kijana wangu alikabidhiwa kindoo cha plastiki, titi zima ndani, formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, imefika nusu, akaambiwa apeleke Dar es Salaam. Alikipakata kwenye basi la alfajiri. Jirani yake wa kiti akamuuliza kama ni samaki.

Wiki tano baadaye majibu yakaja: saratani ipo, vipokezi vya homoni, yaani alama za kuonyesha kama uvimbe unalishwa na homoni, havisomeki.

Nikafunga safari mpaka maabara. (Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini, kuuliza siogopi.) Fundi akanieleza: "Mama, formalini hupenya kama milimita moja kwa saa. Titi halikupasuliwa ili dawa iingie ndani, na dawa yenyewe ilikuwa kidogo. Katikati pameoza." Akahangaika na ukingo wa uvimbe, upande wa ngozi, akapata kipande kilichoshika dawa, akapima upya. Vipokezi vipo! Ndiyo maana kila jioni nameza tamoksifeni, dawa inayopunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Nusura niikose kwa sababu ya kindoo.

Naomba madaktari wa upasuaji walipasue titi lililotolewa palepale, formalini iwe mara kumi ya nyama, na saa iandikwe kwenye lebo. Nyama iingie kwenye dawa ndani ya saa moja, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Hata hicho kipimo cha jeni kinasoma nyama hiyohiyo.

Na wagonjwa wenzangu, ulizeni namba ya bloku yenu ya nta, kile kipande cha nta ambamo maabara huhifadhi nyama yenu. Yangu nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro