Wastani wa krediti si jumla kugawanya kwa siku

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua nisahihishe sentensi moja tu. Makala yenu kuhusu watu wanaowaazima wanasayansi nguvu za kompyuta zao niliisoma mara mbili, na kwa sehemu kubwa imeandikwa vizuri. Lakini pale iliposema kwamba wastani wa krediti wa mshiriki, yaani alama anazopewa kwa kazi iliyofanywa na kompyuta yake, hupatikana kwa kugawanya jumla ya krediti zake kwa idadi ya siku alizoshiriki, hapo mwandishi wenu aliteleza. Nilikuwa karani wa hesabu miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na wastani uliokosewa hunikosesha usingizi.

Isitoshe, kosa hilo limeniletea kesi. Mpwa wangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza katika shughuli hii, alikikata kipande cha gazeti, akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi ile, akaniwekea mezani. "Mjomba, hesabu hazilingani. Nimeibiwa."

Nianze na krediti yenyewe. BOINC, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo miradi mingi ya namna hii huitumia, inahesabu krediti kwa kipimo kiitwacho Cobblestone, kilichopewa jina la Jeff Cobb wa SETI@home, mradi wa kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Kompyuta ya mfano, inayopiga hesabu bilioni moja kwa sekunde, ikifanya kazi siku nzima bila kupumzika hustahili krediti 200. Huwezi kuzinunulia kitu, na hakuna wa kukukopesha kwa dhamana yake.

Kila mshiriki ana namba mbili. Moja ni jumla, na hiyo haishuki. Nyingine ni wastani wa siku za karibuni (na "karibuni" hapa haimkaribishi mtu), nayo ndiyo makala yenu iliyoichanganya. Katika wastani huu kila krediti hupungukiwa na nusu ya uzito wake baada ya siku saba. Iliyopatikana leo ina uzito wake wote, ya wiki jana ina nusu, ya wiki mbili zilizopita ina robo, na ya mwaka jana haina hata chembe ya kupimika. Mfikirie mtu anayetia maji katika ndoo iliyotoboka. Maji yakiwa mengi, yanavuja kwa kasi. Yakipungua, yanavuja polepole. Akitia kiasi kilekile kila siku, kina kitapanda mpaka kinachoingia kilingane na kinachovuja, kisha kitulie hapo. Akiacha kutia, kina kinashuka nusu kwa nusu.

Hebu tutie namba. Kompyuta inayopata krediti 2,000 kila siku, ikianza na sifuri, itaonyesha 1,000 mwisho wa wiki ya kwanza, 1,500 mwisho wa ya pili, 1,750 ya tatu, na 1,875 ya nne. Kwa kanuni ya makala yenu ingepaswa kuonyesha 2,000 tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana wageni wengi hudhani mashine zao zina kasoro wakati zinafanya kazi barabara. Mimi mwenyewe nina krediti kama milioni 3 katika mradi mmoja, kwa siku zipatazo 2,500. Gawanya: 1,200 kwa siku. Lakini wastani unaoonyeshwa leo kwenye akaunti yangu ni 410, kwa sababu ile mashine yangu kubwa, iliyokuwa ikipuliza joto kama tanuri, niliizima zamani. Namba zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Sasa kesi ya mpwa wangu. Kompyuta yake ilishatulia kwenye 2,000. Ghafla wastani ukaanza kuporomoka, na katika wiki moja ukafika 1,300. Mashine ilikuwa imewashwa usiku na mchana, feni inavuma, kazi zinakamilika na kurudishwa kwa wakati. Nilimwambia afungue orodha ya kazi zake. Tukaiteremsha pamoja, na safu nzima ikasomeka hivyo hivyo: inasubiri kuthibitishwa, inasubiri kuthibitishwa, inasubiri kuthibitishwa.

Jambo hili makala haikuligusa kabisa. Katika miradi mingi kazi moja hupelekwa kwa kompyuta mbili za watu wasiojuana, kisha majibu hulinganishwa. Yakikubaliana, wote wawili hupewa krediti. Mwenzako akichelewa, au akiizima mashine yake akasafiri, jibu lako hukaa likimngoja. Akipitisha siku ya mwisho, kazi hupelekwa kwa mtu wa tatu na kungoja kunaanza upya. Badala ya 2,000 kwa siku, mpwa wangu alikuwa akipewa 600 hivi. Nyingine 1,400 za kila siku zilikuwa zimekwama kwa wenzake. Piga hesabu ya wiki moja: nusu ya 2,000 ni 1,000, nusu ya 600 ni 300, jumla 1,300. Senti kwa senti. Hakuna aliyemwibia.

Wiki iliyofuata wale wenzake wakarudisha majibu karibu siku moja. Krediti 9,800 zilizokwama zikamiminika kwa pamoja, na wastani ukaruka hadi karibu 2,300. Simu ikalia. "Mjomba, mashine imeongezeka nguvu!" Nikamwambia haijaongezeka hata punje, asubiri. Baada ya siku chache ulianza kuteremka tena kuelekea 2,000, naye akaanza tena kununa. Kijana ana akili nzuri, lakini alikuwa akiutazama wastani kila baada ya chai.

Wastani huu haupimi afya ya kompyuta kama wengi wanavyodhani. Ukitaka kujua kama mashine inaumwa, tazama orodha ya kazi uone ni ngapi zimeishia na hitilafu au zimekataliwa zilipolinganishwa. Hapo tatizo huonekana mapema na wazi kuliko kwenye wastani.

Pia makala iliwapanga washiriki wa miradi tofauti katika jedwali moja, mwenye wastani mkubwa juu. Hilo nalo lina walakini. Nia ya kipimo ilikuwa krediti ya mradi mmoja ilingane na ya mwingine, lakini kwa kweli hazilingani: mradi mmoja unatoa kiasi maalumu kwa kila kazi, mwingine unakadiria, na wenye kazi za kadi ya michoro (kifaa cha picha kinachopiga hesabu nyingi kwa pamoja) huwapa watu namba ambazo prosesa ya kawaida haizioni hata kwa darubini. Mtu wa elfu hamsini kule na mtu wa mia tano huku huenda wanafanya kazi ngumu sawa.

Nami nina jeraha langu dogo kuhusu namba hizi, nikiri. SETI@home, mradi ulioanza Mei 1999 na ulionifundisha mchezo huu wote, uliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Niliendelea kuchungulia akaunti yangu ya kule. Jumla ilibaki palepale kama jina lililochongwa kwenye jiwe, lakini wastani ulikatika nusu, ukakatika tena, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umebaki desimali tupu.

Basi, Mhariri, ninaloomba ni masahihisho ya mistari miwili katika toleo lijalo, na jedwali lile lisirudiwe. Mpwa wangu hahitaji tena kuyasoma. Juzi alizima kompyuta yake kwa safari ya wiki tatu, na akiwa njiani akanitumia ujumbe: "Mjomba, nikirudi nitaikuta kwenye 250, sivyo?"

Nikamjibu: "Hapo umefaulu, mjomba wangu."

Karani mstaafu,
msomaji wenu wa siku nyingi