Uzee si sababu ya kumnyima mgonjwa tiba ya umeme

Mhariri,

Ikitajwa tiba ya umeme kwa wagonjwa wa akili, wengi wetu humwona mtu aliyefungwa kitandani akipiga mayowe. Hofu hiyo ina chanzo. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoianzisha Roma mwaka 1938, mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi wala ya kulegeza misuli. Alitukutika kwa nguvu, na wapo waliovunjika mifupa. Ila ndugu wanaoikataa tiba hii leo wanaikataa ile ya zamani, na wanaoumia zaidi ni wazee.

Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa usingizi, kwa hiyo naeleza ninachokijua. Mgonjwa hufika asubuhi hajala kitu tangu usiku. Meno ya bandia hutolewa, sindano ya usingizi huingizwa mshipani, naye hulala. Kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli, mkanda wa kupimia presha hufungwa juu ya kifundo cha mguu mmoja na kujazwa upepo, ili dawa hiyo isifike kwenye unyayo. Umeme hupita kichwani kwa sekunde chache tu na kuamsha degedege fupi kwenye ubongo; degedege hilo ndilo tiba yenyewe. Mwili wote hutulia isipokuwa unyayo ule, ambao huchezacheza, nasi tunautazama huku tukihesabu sekunde mpaka degedege likome. Mara nyingi dakika moja haiishi. Oksijeni haiondolewi mpaka apumue vizuri mwenyewe.

Sasa mchukue bibi mwenye sonona kali. Ameacha kula, halali, anasema matumbo yake yameoza na hana haja ya chakula. Nyumbani wanasema, "Umri wenyewe huo, mwacheni apumzike." Si uzee huo, ni ugonjwa unaotibika! Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mtu asiyekunywa maji hana wiki kadhaa. Tiba ya umeme hutolewa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kawaida mara 6 hadi 12, na tafiti zimeonyesha kuwa wazee wenye sonona kali hupata nafuu nayo vizuri sana, mara nyingi kuwashinda vijana.

Sisemi umri haujalishi. Ubongo wa mzee huhitaji umeme mwingi zaidi kuliko wa kijana, na presha yake hupanda ghafla wakati wa tiba, hivyo moyo lazima upimwe kwanza. Akiamka anaweza kuchanganyikiwa kwa muda. Tena wapo wanaosahau mambo ya wiki au miezi iliyotangulia, na kwa baadhi yao kumbukumbu hizo hazirudi zote. Ndugu waambiwe haya yote kabla ya kutia saini. Waambiwe pia kwamba mgonjwa asipoendelea na dawa baada ya hapo, sonona hurudi upesi.

Kwa watoto suala ni zito zaidi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasipewe kabisa tiba hii na sheria ipige marufuku. Marekani, mwaka 2018, mamlaka ya dawa iliruhusu mashine hizi kwa wenye miaka 13 na kuendelea, kwa sonona kali na hali ya mwili kuganda, yaani mgonjwa wa akili kubaki hasogei wala hasemi. India, kwa sheria yake ya 2017, inataka mzazi au mlezi aridhie na bodi ya afya ya akili itoe kibali kwanza, na imekataza mtu yeyote kupewa umeme bila usingizi. Mimi naunga mkono njia ya India. Kijana wa miaka 16 aliyeganda, hasemi, hali, na sindano zimeshindwa, anaweza kufa tukimfungia mlango kabisa. Lakini uamuzi huo usiwe wa daktari mmoja.

Ombi langu kwa madaktari wenzetu: ndugu wakisema mzee wao hataweza, msiishie kuandika kwenye faili kwamba wamekataa. Waleteni waione mashine na kitanda, waulize maswali yao, wajibiwe. Na siku ambayo mtaalamu wa usingizi hayupo, tiba iahirishwe, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro