Mwavuli wa sigara juu ya meza ya nyanya

Ndugu Mhariri,

Hapa Urambo ukigusa suala la fulana, kofia na miavuli yenye chapa za sigara inayogawiwa kama zawadi, unajibiwa upesi kwamba tumbaku ndiyo inayotulisha. Jibu hilo linachanganya jani na pakiti. Mkulima hulipwa kwa daraja la jani lake sokoni, na sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje ya nchi. Mwavuli wenye jina la sigara gengeni hauongezi hata senti kwenye kilo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Mkataba huo hauangalii nia ya mtoaji peke yake: kitendo cha kibiashara kinachoelekea kuhamasisha uvutaji nacho huhesabiwa kuwa utangazaji. Basi kusema “tumetoa zawadi tu” si utetezi. Hata nchi ambayo katiba yake inazuia marufuku kamili, Ibara ya 13 ya mkataba huo inaitaka matangazo yake yaambatane na onyo la afya. Fulana hizi onyo hazina. Pakiti hutupwa ikiisha, lakini fulana hufuliwa miaka. Baba akiichoka anairithi mtoto, anaendea nayo kisimani. Wala mvaaji halipwi kwa kazi hiyo.

Marekani, makubaliano ya mwaka 1998 kati ya majimbo 46 na kampuni kubwa za sigara yalikomesha nguo na vifaa vya namna hii. Sigara zenyewe ziliendelea kuuzwa.

Wanaoandaa mabonanza waweke sharti kwenye barua ya kuomba udhamini: hakuna chapa, wala rangi na mchoro wake bila jina. Kuigeuza fulana ndani nje hakusaidii, maandishi huonekana. Mwenye genge asinyang'anywe mwavuli, maana kivuli anakihitaji. Abadilishiwe kitambaa, fremu ibaki.

Katika kufuta majina ya sigara, kuta za maduka zilizochorwa ndizo hukosewa zaidi. Watu hupaka chokaa juu ya rangi ya mafuta, na mvua za Novemba zikianza inabanduka, jina linarudi kama lilivyokuwa. Ukuta upigwe msasa kwanza hadi mng'ao uishe, ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ikauke, ndipo rangi mikono miwili. Bili apelekewe aliyechora jina, si mwenye duka.

Wasomaji wenu,
Urambo, Tabora