Barua kwa mwanangu: acha kutuma pesa za Mtwapa

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Winnipeg hatujambo. Baridi imeshika kwelikweli. Jana ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri na gari la babako likagoma kuwaka mpaka jirani akaja na waya. Hayo tuyaache.

Leo ni siku ya 11 tangu nijue umeteremshwa ECHL, ligi ya tatu ya hoki ya barafu, chini ya AHL na ile kubwa ya NHL, na bado hujaniambia. Kila asubuhi nikitoka zamu huifungua ile orodha ya wachezaji waliohamishwa kabla hata sijavua viatu. Nikakukuta, mstari mmoja tu. Jumamosi ukapiga simu, ukaniuliza goti langu linaendeleaje, ukasema mazoezi mazuri, alhamdulillahi. Jioni yake ukatuma dola 800 za nyumba ya Mtwapa.

Nataka tuzungumze habari ya hizo dola.

Siku uliposaini mkataba wako wa miaka mitatu, watu waliona dola laki tisa na nusu kwa mwaka, basi. Mjombako alizigeuza shilingi akiwa amekaa barazani, zikapita milioni mia, na kabla ya magharibi mtaa mzima Mombasa ulikuwa na habari. Tangu siku hiyo simu yangu haipoi. Huyu karo, huyu tuktuk, huyu ana kiwanja kizuri karibu na bahari na mwenyewe anauza kwa shida. Hata mimi niliamini, usinicheke. Mpaka ajenti wako alipokaa jikoni kwangu, mahamri yakapoa mezani, akanieleza kwamba mkataba huo una bei mbili. Laki tisa na nusu huhesabiwa kwa siku, na ni zile siku tu ambazo jina lako liko kwenye kikosi cha NHL. Ukiwa chini, kwenye AHL, mshahara haufiki sehemu moja ya kumi ya hiyo. Hapo hujatoa kodi ya serikali, hujatoa fungu la ajenti, hujalipa chumba.

Wewe umekaa juu siku sita. Mechi mbili. Nimezihesabu kwa vidole, na vidole vikabaki.

Na ajenti aliniambia jambo jingine ambalo sijui kama wewe mwenyewe umelitia akilini. Mchezaji mkongwe wakitaka kumteremsha, lazima kwanza timu nyingine zote zipewe nafasi ya kumchukua, kwa hiyo huogopa kumpoteza. Kijana wa mkataba wa kwanza hana kizuizi hicho. Anapandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisima. Beki wao akiumia, wewe njoo. Akipona, wewe rudi. Kwa hiyo kuhamishwa kwako mara nyingine ni hesabu ya karatasi za ofisini, haihusu ulivyocheza. Sasa hivi inahusu, najua. Bega lilikuweka nje wiki saba, umerudi nafasi imekaliwa, na beki wa miaka 22 akikaa benchi miguu inashika kutu. Huko chini utacheza dakika 20 na zaidi kila mechi. Nakasirika, lakini wamefanya sawa.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi ukalia kwenye gari kwa sababu kocha amempa mtoto mwingine jezi namba 22? Ulikuwa umesoma shuleni habari za Willie O'Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL. Mimi nilikuwa natoka kazini, sijalala, nikakwambia namba ni namba. Majuzi nimemsoma mwenyewe. Boston walimwita tarehe 18 Januari 1958, wakicheza na Montreal kulekule Montreal. Akacheza mechi mbili. Mbili, kama zako! Wakamrudisha chini. Hakuonekana tena juu mpaka msimu wa 1960 na 1961, akapata mechi 43 na mabao manne, ndiyo ikawa mwisho wake NHL. Kisha akaendelea kucheza ligi za chini miaka na miaka, Los Angeles, San Diego, na namba 22 yake Boston waliipandisha darini mwa uwanja, asiivae mtu tena, mwaka 2022, yeye akiwa mzee wa miaka 86.

Nilichokaa nacho mimi ni jicho lake. Paki, kile kisahani cha raba wanachokipiga, ilimpiga akiwa kijana, jicho la kulia likapotea, na alificha. Angesema, asingeruhusiwa kucheza. Alikuwa akigeuza kichwa kizima kutafuta paki, na watu wakaona ni mtindo wake tu.

Yeye alikuwa na sababu. Wewe unamficha nani? Mimi?

Nikajiuliza umejifunza wapi, na jibu silipendi. Nyanyako, Mungu amrehemu, alikufa akijua kwamba nafanya kazi hospitali. Nilimwambia hivyo mwaka wa kwanza na sikumrekebisha tena. Ningemwambiaje kwamba kazi yangu ni kuwaogesha wazee wa watu usiku, kuwageuza kitandani, kuwabadilisha? Kila mwezi nilipeleka pesa, na nilipokosa nilikopa nikapeleka, ili uongo usichanike. Wewe ulikuwa chumba cha pili unafunga tepu kwenye gongo lako, ukinisikia kwenye simu. Ulisikia kila kitu.

Mimi mtu wa pwani, barafu niliyoijua ni ya ukwaju, ile ya mfuko wa nailoni, unang'ata kona unafyonza. Nikaja kusimama saa kumi na moja alfajiri pembeni ya uwanja wa mtaa wetu, macho yanawaka usingizi, nikikutazama ukianguka na kuinuka na vile viatu vya mitumba vilivyokuzidi namba mbili, soksi tatu ndani. Ulipotimiza 16 nikakutoa uende ukaishi kwa watu baki ili ucheze ligi ya vijana ya magharibi. Yule mama mwenyeji wako alikuwa ananipigia kila Jumapili kuniambia umekula nini. Sikufanya hayo ili nipate ghorofa Mtwapa. Msingi umesimama, majani yaote, mbuzi wa jirani wale.

Mjombako nimeshamwambia. Nimempigia, nimemsomea mkataba wako kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Alinyamaza sana. Halafu akauliza, kwa hiyo dereva wa basi la timu analipwa vizuri kuliko yeye? Nikacheka mpaka babako akatoka chumbani. Sasa amepata wazo jipya: amesikia Kenya imeingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu tangu 2024, na kwamba vijana Nairobi hufanya mazoezi pale hoteli ya Panari, kwa hiyo anataka uje uwe kocha wa taifa. Nimemwambia atume maombi kwa maandishi.

Babako nimemwambia pia. Hakusema kitu, alikwenda kwenye kompyuta akalipia kifurushi cha kuonyesha mechi za ECHL. Juzi alikutazama mpaka mwisho. Anasema unachelewa kugeuka ukikimbia kurudi nyuma, upande wa bega lile. Na bado anaiita paki "kile kifuniko".

Kama bega bado linauma, mwambie daktari wa timu kabla hujaniambia mimi, lakini uniambie.

Dola 800 nimezirudisha leo asubuhi, angalia akaunti yako. Za Desemba nilikuwa nimeshamlipa fundi, hizo ni deni langu. Nunua godoro, nimeliona hilo ulilolalia kwenye video. Piga simu Jumapili, baada ya mechi, hata ikiwa usiku. Babako atakuwa amesinzia kwenye kiti na atasema alikuwa macho.

Mamako