Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu na ada atazisoma mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye kazi yetu, sisi watathmini hasara tunaomsimamia mwenye nyumba anapodai fidia ya bima.

Kimbunga Helene kiliipiga Florida Septemba 26, na Milton kikafuata Oktoba 9. Gavana anapotangaza hali ya dharura, kikomo cha ujira wetu hushuka kutoka asilimia 20 ya fidia inayolipwa hadi asilimia 10, kwa madai yanayofunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu tangazo hilo. Manung'uniko nimeyasikia: paa ni lile lile, ujira nusu. Hata hivyo, kamati inaunga mkono kikomo hicho. Mtu anayelala chini ya turubai hana ubavu wa kupatana bei, na anayemtoza kwa kadiri ya shida yake anatuharibia jina sote.

Mteja huyo pia anaruhusiwa kuvunja mkataba ndani ya siku 30 tangu hasara itokee, au siku 10 tangu atie saini, muda wowote ulio mrefu zaidi. Mwelezeni kwa mdomo, msimwachie akitafute kifungu hicho mwenyewe. Na kubisha hodi kutafuta kazi mwisho ni saa mbili usiku. Jumapili hakuna kabisa.

Jambo lililonifurahisha limetoka Texas. Huko sheria inamkataza fundi kujadiliana na kampuni ya bima juu ya nyumba anayoitengeneza mwenyewe. Kampuni moja ya kuezeka paa ilipinga, ikidai inanyimwa uhuru wa kusema. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa hoja hiyo: sheria inasimamia taaluma, si maneno. Ni sawa kabisa. Fundi anayekadiria hasara ambayo yeye ndiye atakayelipwa kuitengeneza hawezi kuwa wakili wa mtu mwingine. Lakini basi nasi tusipokee bahasha za mafundi tunaowapelekea wateja.

Kuhusu mafuriko: bima ya kawaida ya nyumba haiyalipi, yana bima yake. Msimwahidi mtu vinginevyo ili asaini.

Kamati inapendekeza mwanachama anayepokea malipo ya fundi afutwe uanachama. Wanaopinga wampe katibu hoja zao kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu.